Mashine Iliyofika Chini ya Kitanda

Mlioniuliza kama mwanangu yu hai, sitawajibu kwa mkato. Kaeni. Mimi mwenyewe nimekaa, maana haya hayasimuliwi mtu amesimama.

Kwa aliyechelewa: naitwa Malineo, mjane, mshona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja hapa Maseru. Mume wangu Tefo alikufa Desemba, basi lilipopinduka akirudi likizo kutoka mgodini Afrika Kusini. Tangu hapo mama yake, Matefo, amehamia kwangu. Na tangu Aprili, baridi ilipoanza, binti yangu Lineo wa miaka sita amekuwa akibanwa na kifua mpaka midomo inageuka rangi.

Wiki iliyopita niliwaachia pale nesi wa kliniki aliponishika mkono, mwezi wa Juni. "Mama," aliniambia, "vumbi la nyumba yako litamuua huyu mtoto."

Vumbi! Mimi ninayefagia mara tatu kwa siku!

Sasa niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri. Nilijua vumbi linatoka wapi. Nilijua ni mimi.

Pale kiwandani nyuzi za jinzi zinapeperuka kutwa nzima. Unatoka na nyusi za buluu. Nikasema moyoni, Malineo, unamuua mwanao kwa mikono yako. Nikaanza kuvua nguo nyuma ya choo kila nikirudi kutoka kazini, na baridi ya Agosti yetu mnaijua. Nikahamia kulala jikoni, chini, Lineo nikamwacha chumbani na bibi yake. Miezi miwili sikumkumbatia. Akinijia namwambia, "Subiri mama aoge." Nikishaoga namwambia, "Mama amechoka."

Na bado kifua kikabana.

Basi Jumamosi, saa nane mchana, upepo ukirusha mchanga madirishani, mlango ukagongwa. Kijana wa tai nyekundu, na sanduku kubwa mkononi.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Malineo?"

"Ndiye."

"Naitwa Rapelang. Rafiki yako Puseletso wa kiwandani ameniambia mtoto anaumwa kifua. Nimeleta mashine ya kufyonza vumbi. Kuonyesha ni bure."

Baadaye nilikuja kujua Puseletso alipewa seti ya visu kwa kutaja majina ya watu watano. Rafiki huyo! Lakini siku ile ningemfungulia hata mwizi, mradi aseme ana dawa ya kifua.

Matefo alikuwa jikoni akikoroga uji mchachu wa mtama. Akachungulia.

"Nani huyo?"

"Anauza mashine ya vumbi, mama."

"Vumbi tunalo. Mwambie hatununui."

Rapelang akacheka kwa adabu, akavua viatu. Akafungua sanduku na kuunga bomba moja kwa jingine mpaka mashine ikasimama katikati ya sebule, inang'aa utadhani imekuja kuposa.

"Zulia hili umelifagia lini, mama?"

"Leo asubuhi. Na jana jioni."

Zulia lenyewe alilinunua Tefo, mwaka tuliooana. Rapelang akaweka kitambaa cheusi, ukubwa wa kiganja, ndani ya mashine. Akaiwasha. Ilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Akapitisha mara mbili tu, akazima, akafungua.

Kitambaa kilikuwa cha kijivu.

"Hii ni asubuhi ya leo?" akauliza.

Akaweka kingine. Kikajaa. Na kingine. Akawa anavipanga sakafuni kimoja kimoja, taratibu, mpaka vikafika kumi na viwili, na mimi natazama tu.

Matefo akaja na mwiko mkononi.

"Mh! Kumbe ndio usafi wenyewe huu? Na mimi miaka yote nadhani mwanangu ameoa."

"Bibi," Rapelang akaingilia, "hata ikulu ukipitisha mashine utakuta hivi hivi."

"Ikulu hakuna mke wa mwanangu."

Nilitamani zulia linifunike. Nikauliza haraka, ili nisilie mbele ya mgeni, "Bei gani?"

Rapelang akakohoa. "Elfu ishirini na sita, mama. Maloti."

Nikakaa chini.

Mshahara wangu wa mwezi haufiki elfu tatu. Lakini benki kulikuwa na elfu ishirini na saba, mafao ya mwisho ya Tefo kutoka mgodini. Na kila mtu katika ukoo aliijua kazi ya pesa ile. Ilikuwa ya jiwe la kaburi.

Matefo alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Akauweka mwiko juu ya meza.

"Thubutu," alisema.

"Mama, sijasema kitu."

"Thubutu, Malineo! Ufagio dukani ni maloti arobaini. Mwanangu amelala chini ya udongo mtupu, mbuzi wa watu wanapita juu yake, na wewe unataka kumnunulia zulia mnyonyaji?"

"Na huyu aliye hai, mama?"

"Nani amesema afe?"

"Nesi amesema."

"Nesi, nesi! Nesi ndiye aliyemzaa Tefo?"

Akachukua simu, akatoka nje. Ukuta wetu ni mwembamba, na sauti ya Matefo haijawahi kujua kunong'ona.

"Motlatsi, ndugu yangu, njoo. Njoo sasa hivi. Hela ya jiwe inaliwa na ufagio."

Motlatsi ni kaka yake, mjomba wa marehemu. Kwetu mali ya marehemu iko mikononi mwa mjomba wake. Akisema limekwisha, limekwisha. Na mjomba huyo, siku ya mazishi, alikwisha kunitamkia mbele ya watu kwamba Lineo angekua vizuri zaidi milimani, kwa ukoo wa baba yake, kuliko kwa mama anayeshinda kiwandani. Nilikuwa na saa moja kabla hajafika, labda chini ya hapo.

Nikamgeukia Rapelang.

"Kaka, niambie kama unavyomwambia dada yako. Nikinunua, mwanangu atapumua?"

Yule kijana alilegeza tai, akaangalia vile vitambaa vyake.

"Mimi si daktari, mama. Hii inatoa vumbi. Kama ni vumbi la zulia linalomuumiza, itamsaidia. Kama ni kitu kingine, utakuwa umenunua zulia safi."

"Umeuza ngapi mwaka huu?"

"Mbili."

"Mbili tu?"

"Moja nilimuuzia mama yangu."

"Akalipa?"

"Bado."

Nilicheka, jamani. Katika balaa lile nilicheka, na kucheka kukageuka kilio hapo hapo, nikajifuta kwa pindo la gauni langu jeusi la ujane. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamwambia atoe karatasi zake. Akazitoa. Kalamu nikaishika. Nilikuwa nimekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Kisha nikasita.

"Nionyeshe kwanza chumbani," nikasema. "Anapolala."

Lineo alikuwa kitandani, amejikunyata ukutani, anachora. Kifua kikipiga filimbi. Nilimsikia tangu mlangoni, na nikabaki mlangoni kama kawaida yangu, nisimsogelee.

Rapelang akamsalimia, akainua godoro, akapitisha mashine, akatoa kitambaa. Kilikuwa na vumbi kidogo tu.

"Hapa si pabaya," alisema, na nilimwona ameshangaa. "Pasafi kuliko sebuleni. Chini ya kitanda je?"

"Hapana, huko usi..."

Bomba lilikwisha kuingia.

Chini ya kitanda kile kulikuwa na mzigo wa Tefo. Nguo zake na blanketi lake, kama vilivyoletwa kutoka bweni la mgodini alikokuwa akisaga mawe. Mjomba Motlatsi alivifunga kwa shuka jeupe wiki ya mazishi, akakaza fundo kwa goti. Vitu vya marehemu havifuliwi, havianikwi juani, havifunguliwi, mpaka siku mjane anapovua nguo nyeusi. Siku hiyo mjomba mwenyewe ndiye hufungua fundo lake na kuwagawia ndugu. Yetu ilipangwa Krismasi, wanaume wakirudi wote. Mjane ndiye kabisa, hata kwa ncha ya kidole hagusi. Miezi minane nilikuwa nafagia kuuzunguka.

Mashine ikabadilisha sauti, ikawa inalia kama ng'ombe aliyenaswa. Ilikuwa imeuma shuka. Rapelang akavuta, na mzigo mzima ukaja naye.

Fundo likafunguka.

Fundo la Motlatsi, lililokazwa kwa goti, lilifunguka kama kamba ya kiatu cha mtoto. Blanketi likamwagika sakafuni, na vumbi la kijivu likapanda, laini kama unga. Rapelang akazima mashine, akachomoa kitambaa. Weusi wake haukuonekana tena. Kilikuwa kama tope kavu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Nguo za marehemu mume wangu."

Aliachia bomba kana kwamba limemuunguza.

Mimi sikuwa nikimtazama. Nilikuwa namtazama Lineo. Alishuka kitandani, akaenda moja kwa moja kwenye blanketi, akashika ncha yake, akaiweka puani. Hakuitafuta ile ncha. Aliijua.

"La baba," akasema.

Kisha akabanwa.

Sijui niliruka vipi. Nilimnyakua, mara ya kwanza tangu Juni, alikuwa mwepesi kama kuku, nikakimbia naye nje hadi kwenye ngazi. Nikampulizia mdomoni ile dawa ya kliniki ninayotembea nayo mfukoni. Mara moja. Mara mbili. Macho yakamtoka.

"Pumua, mwanangu. Pumua, mama yuko hapa."

Rapelang akapita mbio. "Gari langu liko barabarani, nalileta!"

Matefo alikuwa amesimama uani, simu bado mkononi. Aliona vumbi nguoni mwangu. Alielewa kabla sijasema.

"Mama," nikamwambia, "fundo la mzigo nani alilifungua kabla ya leo?"

"Usinitazame hivyo."

"Nani?"

"Mtoto alikuwa akimlilia baba yake!" Sauti ikampasuka. "Kila siku, ukishatoka. Baridi imeingia, anamlilia baba, na sasa hata wewe mama yake humgusi! Unamkimbia kama ana ukoma! Ningemfunika na nini, Malineo? Na nini?"

Nilitaka kumwambia kwa nini nilimkimbia. Badala yake nikauliza.

"Tangu Aprili?"

"Kila mchana. Anapolala." Akakaa chini, palepale mchangani, mwanamke ambaye sijawahi kumwona anakaa mbele yangu bila kiti. "Na mimi najifunika. Akishalala najifunika nalo. Bado lina harufu yake."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walikwisha kusema, na mimi nilikuwa navua nguo zangu nyuma ya choo.

Ningemchukia vizuri kabisa kama asingekuwa analia. Lakini Matefo hakulia hata siku ya mazishi. Siku ile alilia kama mtoto, kamasi na machozi, na alipopata sauti alisema kitu ambacho sikukitegemea.

"Nunua ile mashine."

"Nini?"

"Nunua. Chukua hela ya jiwe yote, mimi mama yake nimesema, alale bila jiwe. Mashine ipige kila siku, mara kumi. Ila mzigo urudi pale. Tulifunge fundo, mimi na wewe. Motlatsi asijue."

"Akijua?"

"Sitapewa kitu. Siku ya kugawa sitapewa hata kofia ya mwanangu. Aliyevunja mwiko hagawiwi." Akanishika pindo la gauni. "Malineo. Nakuomba. Nitashika nini mimi?"

Filimbi ya Lineo ilikuwa sikioni mwangu, nyembamba, inakatika na kurudi. Rapelang alirudi mbio, anahema, ile karatasi bado inachungulia mfukoni mwake na herufi moja ya jina langu. Elfu ishirini na sita, ili blanketi likae chini ya kitanda na mtoto aendelee kulala juu yake.

"Kaka," nikamwambia, "mashine yako ni nzuri. Sikudanganyi. Lakini siinunui."

Alinitazama, akamtazama Lineo, akatazama mlango wa chumbani. Alikuwa kijana mwelewa.

"Najua, mama. Kuonyesha ni bure. Ngoja niitoe, tumpeleke mtoto kliniki."

Nikamweka Lineo mapajani mwa bibi yake. Ndiyo, mapajani mwa Matefo, maana hakukuwa na mwingine, na alimkumbatia kwa mikono yote miwili.

"Mwinue kifua, mama. Mkalishe wima."

Nikaingia ndani.

Wanasema mjane akigusa nguo za marehemu kabla ya siku, msiba hurudi mlango uleule. Nimelelewa na maneno hayo. Nilisimama mbele ya mzigo ule. Nikasema kwa sauti, "Tefo, nisamehe, ni kwa ajili ya binti yako." Nikauinua.

Nilibana pumzi, lakini pua haikutii. Moshi, na ile sabuni yake ya kijani. Tefo mzima. Kidogo nianguke. Nikamwelewa Matefo kuliko nilivyotaka kumwelewa.

Nikatoka nao hivyo hivyo, shuka limefunguka, blanketi linaburura. Nia yangu ilikuwa kuuweka kwenye kibanda cha kuni, mbali na mtoto, chini ya paa, kwa heshima. Hatua ishirini tu.

Sikufika.

Geti lilikuwa wazi. Mjomba Motlatsi alikuwa amesimama pale, blanketi lake begani, fimbo mkononi, viatu vya mpira vimejaa matope ya ng'ombe. Alikuwa amekuja kuokoa hela ya jiwe. Alipitisha macho juu ya mashine aliyokuwa akiivuta Rapelang, hakuijali. Alinipita mimi na gauni langu jeusi. Macho yake yalitua kwenye shuka.

Akasogea. Akashika ncha mbili zilizokuwa fundo, akazigeuza kidoleni.

"Hizi zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi," alisema polepole. "Kitambaa kimelainika."

Akaziachia, akagonga fimbo chini.

"Nauliza mara moja. Fundo langu nani amelifungua?"

Nikamtazama Matefo. Aligeuka mdogo pale mchangani, Lineo kifuani, na macho yake yakanisihi kwa namna ambayo sitaisahau. Nikisema ni yeye, mama wa marehemu hatabakiwa na kitu cha mwanawe mikononi. Nikisema ni mimi, ninampa Motlatsi sababu aliyokuwa akiitafuta tangu mazishi: mjane asiyejua miiko, mtoto achukuliwe, apelekwe milimani.

Akili ilikuwa bado inapima. Mdomo haukungoja.

"Ni mimi, mjomba."

Matefo alitoa sauti ndogo. Motlatsi akanyanyua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, na nilimwona amekwisha kuamua.

"Vizuri," alisema. "Basi kamfungashie mtoto nguo zake."

Na hapo, jamani, ndipo dawa iliposhika. Ile filimbi ilikatika. Nilisikia pumzi ikiingia kifuani mwa mwanangu, ndefu, safi mpaka chini, pumzi niliyoililia tangu Aprili.

Na kitu cha kwanza alichofanya nayo ni kumnyooshea kidole bibi yake aliyempakata.

"Siyo mama, babu," alisema Lineo.